Pilates kwa sisi wa miaka 60 na ushee: moyo na sukari vinafaidika, au ni kiuno tu?

Fundi Mstaafu

Wanajukwaa, habari za leo. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjasalimia.

Mimi ni fundi cherehani niliyestaafu, nina miaka 64. Nimeinamia mashine miaka 34, na mgongo ukazoea kukaa vile vile hata nilipoacha kazi. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 51, na tangu hapo tumbo limekuwa likija mbele taratibu, mwaka huu sentimita moja, mwaka ujao mbili. Najua kwa sababu najipima. Tepu nimeishika maisha yangu yote.

Mwaka jana nilipimwa kila kitu. Presha 146/88, na hapo nilikuwa tayari nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 5.9. Ile ya wastani wa miezi mitatu (HbA1c) asilimia 6.2. Trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, 2.1, kolesteroli nzuri 1.2, mbaya 3.9. Kiuno 97. Daktari akaniambia, "Mama, kisukari bado hakijaingia ndani, lakini kimeshabisha hodi." Akaniagiza nitembee haraka haraka nusu saa kila siku. Nilijaribu wiki mbili, magoti yakavimba, nikaacha. Ndipo binti wa dada yangu akanipeleka kwenye darasa la Pilates, yale mazoezi ya kukaza misuli ya katikati ya mwili, mkao na pumzi.

Sasa ni mwezi wa tano, mara mbili kwa wiki, dakika 50 kila kipindi. Tuko wanawake tisa, mimi wa tatu kwa umri. Kazi yote ni juu ya mkeka, tukitumia mpira wa kuvuta na ule mto mdogo wa kubana katikati ya magoti. Mgongo umetulia. Nafunga kitufe cha nyuma ya gauni mwenyewe, jambo ambalo nilikuwa nimeshalisahau. Kiuno kimetoka 97 hadi 92, ingawa mizani inasema nimepungua kilo moja na kidogo tu. Presha ya nyumbani inacheza kwenye 138/84. Sukari ya miezi mitatu imekuwa 6.0, trigliseridi 1.8. Kolesteroli mbaya 3.8, yaani haijatikisika.

Sasa ugomvi uko hapa. Mwalimu wetu anasema Pilates inatosha kwa kila kitu, moyo, sukari, mifupa, usingizi, hatuhitaji kuongeza lolote. Kijana wangu wa mwisho, anayejiona mtaalamu kwa sababu ana saa ya kuhesabu hatua, anasema, "Mama, huko mnajinyoosha tu, moyo hata haujui kama umetoka nyumbani." Daktari naye bado anaimba wimbo wa kutembea.

Na kuna jambo la pili ambalo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye lile zoezi la mia: umelala chali, kichwa na mabega juu, miguu hewani, mikono inapigapiga kando hadi ufike mia. Nilipofika sitini na kitu nikaona nyota. Nyota kweli, ndogo ndogo, za fedha. Masikio yakaziba. Nikashusha kichwa, mwalimu akasema ni udhaifu wa tumbo, nikaze zaidi. Nilipofika nyumbani nikajipima mara moja kabla hata sijavua viatu: 171/96. Nikapima tena, 166.

Naomba kuuliza bila aibu: hii Pilates inausaidia moyo wangu au inauchosha? Na ile 171 niiogope?

---

Mbio za Alfajiri

Shikamoo mama. Kijana wako ana hoja, ila ameisema kihuni.

Wataalamu hupima ukali wa zoezi kwa kulinganisha na mtu aliyekaa kimya. Kukaa ni 1. Pilates ya mkekani kwa wastani iko karibu na 3, na 3 ndipo ukali wa kati unapoanzia. Kutembea kwa haraka kunapita hapo, kukimbia polepole kunafika kama 7. Kwa hiyo kipindi chako kiko kizingitini: siku ukijituma umeingia ndani, siku mwalimu akiongea sana umebaki nje. Kama unataka moyo, kimbia. Au panda ngazi. Mengine ni mapambo.

---

Fundi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umesema nikimbie. Umesoma pale nilipoandika magoti?

---

Mbio za Alfajiri

Hahaha, nimesoma sasa. Samahani mama. Hapo nawaachia wenye fani yao.

---

Viungo Salama

Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na wanawake wa umri wako ndio wengi wa wagonjwa ninaowaona. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Nianze na zile nyota. Sidhani kama ni udhaifu wa tumbo. Naona kama ulibana pumzi. Mtu akikaza tumbo huku amefunga koo, shinikizo ndani ya kifua linapanda, presha inaruka juu, halafu damu inayorudi kwenye moyo inapungua na kichwa kinakuwa chepesi. Ndicho kinachompata mtu anayenyanyua mzigo mzito kwa mkupuo mmoja. Zoezi la mia limejengwa juu ya pumzi: unavuta hewa kwa mapigo matano ya mikono, unaitoa kwa matano, mara kumi, ndiyo mia. Ukipoteza hesabu ya pumzi, umepoteza zoezi lenyewe. Hapo "kaza zaidi" ndiyo amri mbaya kuliko zote. Weka miguu chini, magoti yakiwa yamekunjwa, kichwa juu ya mto, na hesabu KWA SAUTI. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, hata akitaka.

Hata hivyo mweleze daktari wako, usilifiche hili. Na lijue mapema: kifua kikibana, au maumivu yakienda kwenye taya, bega au katikati ya mgongo, au ukitokwa jasho la baridi, ukapata kichefuchefu, ukachoka ghafla bila sababu, hapo hatujadiliani jukwaani. Acha zoezi, nenda hospitali. Wanawake mara nyingi hawapati yale maumivu makali ya kushika kifua tunayoyaona kwenye maigizo, kwa hiyo huchelewa.

Ile 171 ulijipima vibaya. Umetoka njiani, umesimama, una hofu. Presha hupimwa umekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, kibofu kitupu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Unapima mara mbili, unaacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, siku saba mfululizo. Siku ya kwanza unaitupa, zilizobaki unatafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu ndio tunaouita wa juu. Na wewe kwa kuwa ni fundi, nikupe kazi: pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko, halafu soma maandishi kwenye ule mkanda wa mashine yako ya presha. Niletee namba mbili hizo.

Sasa ugomvi wa nyumbani kwako. Mwalimu amezidisha, kijana naye amepunja.

Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883 na kufariki New York mwaka 1967, mazoezi yake aliyaita "Contrology", yaani elimu ya kuudhibiti mwili. Alichokipigania ni misuli ya katikati, mkao na pumzi. Hivyo ndivyo ulivyovipata: mgongo, kitufe cha gauni, kiuno. Lakini misuli inayofanya kazi haishii kwenye mkao. Msuli ukijikunja, unafungua milango yake ya kuingiza sukari bila kusubiri insulini iubishie hodi. Baada ya zoezi, kwa siku nzima na zaidi, ile insulini uliyonayo inasikilizwa vizuri kuliko kawaida. Huenda ndiyo maana 6.2 yako imekuwa 6.0. Kidogo, lakini kimeenda upande unaotakiwa, maana baada ya miaka 60 misuli hupungua kila mwaka na vitu hivi hupenda kupanda vyenyewe.

Shida ni kwamba msuli mkubwa ndio unaokula sukari nyingi, na misuli mikubwa iko kwenye mapaja na makalio. Darasa linalokaa dakika 40 kwenye tumbo linashughulika na misuli midogo. Mwombe mwalimu aongeze daraja (lala chali, nyanyua nyonga), kuinua mguu ukiwa umelala ubavu, na kazi ya kusimama: kuchuchumaa nusu huku umeshika kiti, kunyanyuka kitini bila kushika. Na isipite siku mbili mfululizo bila kitu. Darasa la mara mbili kwa wiki linaacha mashimo. Yazibe nyumbani hata kwa dakika 15.

Presha nayo hushuka kwa Pilates, hasa kwa mwenye presha tayari. Tafiti ninazozijua nyingi ni ndogo, za wiki 8 hadi 12, na wanaoshuka hushuka kwa pointi chache. Chache si haba, ila si sababu ya kuacha kidonge. Tafadhali usikiache.

Kolesteroli mbaya usiihesabu kama umeshindwa. Homoni ya estrojeni ilikuwa inalisaidia ini kuiokota ile kolesteroli kutoka kwenye damu. Hedhi ikikoma, msaidizi ameondoka, namba inapanda. Mazoezi ya aina yoyote yanaisogeza kidogo sana. Yanachotikisa zaidi ni trigliseridi, na yako imetikisika. Ya 3.8 zungumza na daktari, hiyo ni kazi ya chakula na pengine dawa.

Mwisho, moyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa mwongozo: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kati, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea limeongeza siku tatu za mazoezi ya pamoja ya nguvu na mizani ya mwili, ili watu wasianguke. Wewe hiyo sehemu ya nguvu na mizani unaipata vizuri. Sehemu ya dakika 150 ndiyo inayovuja. Hata tukikuhesabia vipindi vyote viwili kamili, una 100.

Kipimo cha mwendo wa kati ni mdomo: unaweza kuongea, huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kuongea, punguza. Ni kizuri kuliko saa ya kijana wako, hasa kama kidonge chako ni kile kinachotuliza mapigo ya moyo, maana hapo saa itakuonyesha mapigo ya chini hata ukiwa hoi.

Na magoti: nusu saa mfululizo haijaandikwa popote. Anza na dakika kumi, mara mbili kwa siku, sehemu tambarare, baada ya kula. Kutembea baada ya kula kunaikamata sukari wakati ndiyo inapanda. Kama goti litavimba hata hapo, tutafute baiskeli ya kukaa au kutembea ndani ya maji.

---

Bibi Machachari

Mdogo wangu Fundi, mimi nina 71, naomba nafasi kidogo kabla hujarudi mkekani.

Kuna kitu hakuna aliyekuuliza. MIFUPA. Umepimwa?

Nilianza Pilates nikiwa na 68, na raha zangu zote, nikiwa napenda lile la kujiviringisha: umelala chali, unanyanyuka pingili moja moja hadi unashika vidole vya miguu, halafu unarudi. Nilikuwa hodari, mwalimu ananitolea mfano. Siku moja nikasikia kitu kama kijiti kikavu kimevunjika katikati ya mgongo. Sikulia hata. Nilikaa wiki sita siwezi kukohoa bila kushika ukuta. Pingili ilikuwa imebonyea, na kumbe mifupa ilikuwa imeshakuwa myepesi miaka mingi bila kuniaga. Presha nilikuwa napimwa kila mwezi. Mfupa, hakuna aliyewahi kuutaja.

Baadaye mtaalamu wangu alinieleza juu ya utafiti wa mwaka 1984 wa wanawake waliokwisha kukoma hedhi na wenye mifupa ya hivyo. Ulikuwa mdogo, watu 59. Waliofanya mazoezi ya kuinama mbele peke yake, 8 kati ya 9 walipata pingili mpya zilizobonyea. Waliofanya ya kunyoosha mgongo nyuma, 4 kati ya 25. Watu wachache, nakubali, lakini hesabu hiyo mimi ilinitosha.

Nimerudi mkekani, msije mkasema bibi anatisha watu. Silifanyi la kujiviringisha, wala lile la kubingirika kama mpira, wala lile la kukaa, kujipinda na kuinama kugusa kidole cha mguu wa upande wa pili. Zoezi lako la mia nalifanya kichwa kimelala. Badala yake nalala kifudifudi na kunyanyua mkono na mguu kama naogelea, nafanya daraja, nafanya ya kusimama. Mwalimu wa sasa alipoambiwa, alibadilisha bila kununa. Yule wa kwanza alikuwa akisema naogopa. Naam, naogopa, na uti wa mgongo ni wangu.

---

Viungo Salama

Shikamoo bibi. Umeniokoa, nililisahau hilo na ni kosa. Bi Fundi, hedhi kukoma na miaka 64 vinatosha kuuliza kipimo cha mifupa. Hadi ujue majibu, weka pembeni yote ya kuinama kwa nguvu na kujipinda. Na kama una presha ya jicho, epuka pia yanayoweka kichwa chini kuliko moyo.

---

Mlezi wa Mama

Naongeza dogo tu kwa wanaosoma wakiwa tayari kwenye dawa za sukari. Mama yangu anatumia insulini, na alizoea kwenda darasani asubuhi bila kula, "ili tumbo liwe jepesi". Siku moja kwenye mazoezi ya ubavu akaanza kutetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Walidhani amechoka. Kipimo kikasema 3.1. Chini ya 3.9 tayari ni hatari. Siku hizi anapima kabla na baada, na kwenye mkoba ana kitu kitamu cha kumeza haraka. Hata vidonge kama glibenclamide na gliclazide vinaweza kuishusha namna hiyo. Metformin peke yake ni nadra.

Na mwambieni mwalimu. Mama hakumwambia kwa sababu eti hapendi kuonekana mgonjwa.

---

Fundi Mstaafu

Nimewasoma wote, nimelala juu yake, nimeamka nimeshika tepu.

Viungo Salama, mwanangu, umeniaibisha kwenye fani yangu. Mkono wangu ni sentimita 35. Kwenye mkanda wa mashine kumeandikwa 22–32. Miaka miwili najifunga kitu kidogo kuliko mimi! Mteja angeniletea blauzi ya mkono unaobana hivyo ningemwambia aivue kabla haijachanika. Hiyo inapandisha namba, sivyo?

---

Viungo Salama

Ndiyo mama. Mkanda mdogo unasoma juu kuliko ukweli. Tafuta wa saizi kubwa wa mashine hiyo hiyo. Ila usifurahi sana: kama ile 146 ya mwaka jana nayo ulijipima kwa mkanda ule ule, ulishuka kweli. Kilichokuwa na kasoro ni mahali ulipoanzia na ulipofika, safari yenyewe ipo.

---

Fundi Mstaafu

Wiki saba zimepita. Wapo walioniuliza faraghani naendeleaje, naweka hapa hapa.

Mifupa imepimwa. Nyonga iko sawa, uti wa mgongo umepungua kidogo lakini haujafika kwenye ugonjwa. Daktari amesema kuinama kwa kawaida kwa maisha ya nyumbani sina tatizo, ila kujiviringisha darasani niache. Nimeacha. Bibi Machachari, nakushukuru dada yangu mkubwa.

Kwa mwalimu nilikwenda mwenyewe kabla ya kipindi, nikiwa nimeandika kwenye karatasi kama ninavyoandika vipimo vya mteja. Nilidhani atakasirika. Alisoma, akanyamaza, akauliza nani mwingine humo ndani anatumia dawa ya presha. Mikono sita ilinyanyuka kati ya tisa. Sita! Miezi mitano tumelala pamoja sakafuni na hakuna aliyejua la mwenzake. Tangu siku hiyo zoezi la mia tunahesabu kwa sauti darasa zima, kelele tupu, na hakuna aliyeona nyota tena. Robo saa ya mwisho tunasimama: kuchuchumaa nusu, kunyanyuka kitini, kutembea kwa visigino na kwa vidole. Hapo ndipo nilipojua kwamba mapaja yangu yalikuwa yamelala. Siku ya kwanza nilinyanyuka kitini mara saba bila kushika. Jana kumi na nne.

Kutembea nimeanza na dakika kumi baada ya kula mchana na kumi usiku. Wiki ya tatu nikaweka kumi na tano. Magoti hayajavimba. Sielewi vizuri kwa nini mwaka jana yalikataa na sasa yamekubali. Binti wa dada yangu anasema ni nyonga zimepata nguvu, goti halibebi peke yake. Mimi nadhani pia mwaka jana nilikuwa najitupa tu, nusu saa kwa mkupuo, kama mtu anayekimbiza gari. Kipimo cha kuimba nakitumia. Nilikuwa na aibu mwanzoni, sasa nikiwa peke yangu najaribu ubeti mmoja, ukitoka wote naongeza mwendo.

Presha kwa mkanda mkubwa, wastani wa siku sita baada ya kutupa ya kwanza: 131/81. Sukari ya miezi mitatu bado sijapima, daktari amesema tusubiri miezi mitatu iishe, vinginevyo tunapima zamani. Kolesteroli mbaya tumekubaliana nianze dawa. Niliipinga kidogo, nikamwambia nafanya mazoezi. Akacheka akaniambia ini langu halijui mkeka. Kidonge cha presha kiko pale pale.

Kijana wangu nimempeleka darasani siku moja. Alilala chali, akaambiwa ainue nyonga, anyooshe mguu mmoja, ashikilie huku anahesabu kwa sauti. Alifika kumi na moja.

---

Mkeka Mpya

Shikamoo mama Fundi. Nimecheka hiyo kumi na moja. Mimi nina 59, naanza wiki ijayo na nataka kujipima kiuno kabla, nisije nikasahau nilikotoka. Nimesoma kwamba kwa mwanamke baadhi ya wataalamu wanaanza kuhesabu hatari kwenye sentimita 80 na wengine 88. Nikipima kitovuni napata 94, nikipima juu kidogo pale ninapofunga sketi napata 87. Ipi ni ipi?

---

Fundi Mstaafu

Marahaba mdogo wangu, karibu mkekani.

Kiuno cha sketi na kiuno cha daktari ni viuno viwili tofauti, na mimi mwenyewe nilifundishwa hili mwaka jana. Cha sketi ni pale palipo pembamba zaidi. Cha daktari hukitafuti kwa macho, wala hutumii kitovu, maana kitovu kinashuka na umri. Simama wima, miguu imeachana kidogo, nguo imefunuliwa. Kwa kidole tafuta mwisho wa ubavu wa chini kabisa, pembeni. Halafu tafuta mfupa wa nyonga, ncha yake ya juu, pembeni hapo hapo. Weka alama katikati ya hivyo viwili. Tepu ipite hapo, sambamba na sakafu. Jitazame kwenye kioo, kwa wengi inashuka nyuma bila wao kujua. Ikae juu ya ngozi bila kubonyeza. Vuta pumzi ya kawaida, itoe, soma namba mwisho wa kuitoa. Pima mara mbili, siku zote asubuhi, na uandike tarehe.

Na usivute tumbo ndani. Wateja wangu wote walikuwa wanavuta tumbo nikiwapima, ndiyo maana kwa miaka 34 nilikuwa naongeza sentimita mbili kimyakimya.